Mada ya Usafiri Inavyopangwa Mpakani

Tangu mwaka 2007 shule za msingi za Uganda zinafuata mtaala wa mada kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu: mada moja hubeba kusoma, kuandika na hesabu, tena kwa lugha ya eneo. Usafiri ni mojawapo. Lakini mada peke yake haimpangii mwalimu kazi. Azimio la kazi likiandika tu "vyombo vya usafiri", wiki nzima itaishia kwenye orodha ubaoni, na mtoto wa Tororo atakariri meli asiyoiona huku matrela yanayotoka Malaba yakimpita kila siku. Mada hugeuka somo pale mwalimu anapoanza na swali moja ambalo watoto watalijibu mwishoni, kisha akapanga vipindi kwa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu hilo.

Kule Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, swali lipo tayari: kwa nini boda boda zilianzia huku mpakani? Katika miaka ya 1960 baiskeli zilivusha watu na mizigo kwenye kipande kilichotenganisha vituo viwili vya mpaka, ambacho vinginevyo msafiri angekitembea kwa miguu. Mtoto atamuuliza babu au bibi yake, na majibu yakifika darasani yatakuwa sentensi za kuandika. Hesabu nayo haiko mbali: baiskeli ina magurudumu mawili, trela kubwa lina 22; baiskeli ngapi zitalifikia? Kisha, kwa kuwa tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2018 msafiri husimama upande anaoingia tu, watoto wachore uvukaji wa zamani na wa sasa. Michoro hiyo itamwonyesha mwalimu nani ameelewa.

Wapo watakaosema darasa limefurika, na mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza. Msongamano ni hoja nzito, ila picha moja ya trela huhudumia darasa zima. Kuhusu Kiingereza, mtoto aliyezoea kueleza sababu kwa Kisamia atakuwa na la kusema akifika darasa la nne, Kiingereza kinapoanza kuchukua nafasi. Aliyekariri majina hana. Kigumu hasa ni kwamba dawati moja la Busia huweza kuwa na Msamia, Mteso na Mgwe, na kitabu ni cha lugha moja. Basi maneno ya msingi, yaani mpaka, mzigo, gurudumu na kuvuka, yaandaliwe mapema kwa kila lugha iliyomo darasani, pamoja na Kiswahili kinachosikika sokoni. Azimio lisilo na maneno hayo halijakamilika, hata likiwa na muhuri wa mwalimu mkuu.