Kibarua, Posho na Fundi: Kamusi Imeacha Nini?

Toleo lililopita la jarida letu nililisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu vijana wetu wanaandika vizuri kuliko sisi tulipoanza. Mara ya pili neno moja likaanza kunisumbua. Waandishi watatu, kila mmoja kwa makala yake, walisema kwamba maisha ya ukimbizini ni "kibarua kigumu".

Tumelitoa redioni. Kila Jumamosi mtangazaji anasema timu fulani ina kibarua kigumu ugenini, na kocha akifukuzwa, basi kibarua chake kimeota nyasi. Ni Kiswahili safi, sibishi. Ila hapa Oruchinga kuna watu ambao kwao kibarua si pambo la maneno. Ni shamba la migomba la mwenyeji, jembe begani, kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

Jirani yangu ni mmoja wao. Jioni moja amerudi, amekaa mlangoni anakwangua udongo miguuni, nikamsomea moja ya zile makala. Alicheka. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Papa, nani hajue kama kibarua ni nguvu? Baandike balinilipa ngapi!"

Uhakiki wangu wote wa leo umo katika jibu hilo. Yanayofuata ni maelezo tu.

Nilifungua kamusi niliyoinunua Mbarara, imechakaa, haina jalada. Ni ile ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Kamusi hiyo ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Inakuonyesha kwamba barua ina asili ya Kiarabu, na kwamba kibarua ni barua ndogo, tena ni mtu wa kazi ya kutwa. Mistari michache, halafu inahamia neno lingine.

Lakini mtu anageukaje kuwa kikaratasi? Katika Zanzibar ya karne ya 19, mtu aliyebeba mizigo au kuchambua karafuu kwa siku moja alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, akakipeleka kulipwa. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Taratibu jina la karatasi likamhamia mwenye karatasi. Mwenye kampuni hakuhitaji kujua unaitwa nani. Alihitaji kuona kikaratasi.

Kenya nako kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea na cheti cha kazi, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Sisi tunaopanga foleni na kadi mkononi, tunaojua hofu ya kadi kulowa mvua, hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia maneno haya. Ndiyo maana nasema kamusi ya kibarua inaweza kuandikwa vizuri zaidi Oruchinga kuliko chuo kikuu.

Tuje kwenye posho. Hapa Uganda ukisema posho, kila mtu anaona sahani: ugali wa mahindi na maharage. Mwanafunzi wa bweni anaijua, mfungwa anaijua. Ukivuka kwenda Tanzania, posho ni hela, na mara nyingi ni ile wanayolipwa wakubwa kwa kukaa kwenye kikao. Neno ni lile lile. Asili yake inajulikana njiani, katika misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Posho ilikuwa mgao wa chakula cha mpagazi, na mara nyingi hakupewa nafaka. Alipewa kitambaa au shanga akajinunulie mwenyewe vijijini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anaonyesha kwamba hawakuwa watu wa kusukumwa tu: waligoma, waliacha mizigo, walidai haki yao.

Baadaye mgao wa wafanyakazi na askari ukawa unga wa mahindi, na nchi hii ikakiita chakula chenyewe kwa jina la mgao. Yaani kila Mganda anayekula posho leo anakula, bila kujua, neno la mtu aliyepimiwa chakula na mwingine. Sisi tunajua. Mgao wetu ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, ukapunguzwa tena mwaka uliofuata. Wengi wetu tulifika mahali pa kupewa hela badala ya mahindi, tukajinunulie, kama mpagazi na shanga zake.

Ndugu zetu wa mashirika, msikasirike. Hata Kiingereza chenu cha ripoti kina siri hiyo hiyo. Neno lord, ambalo leo ni bwana mkubwa, katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlaford, yaani mlinzi wa mkate. Bwana ni yule anayeshika mkate. Kwa hiyo siku mnapotia sahihi posho ya semina, na mama aliyekaa nje ya ukumbi anasubiri posho ya sufuria, kumbukeni kwamba lugha imewaweka kwenye neno moja. Nani anashika mkate, hilo halijabadilika sana.

Lakini si kila neno la kazi limemsahau mfanyakazi. Chukueni fundi. Halikuja na meli. Mzizi wake ni kufunda, kufundisha, na ndugu zake ni funzo na mwanafunzi. Fundi hakuitwa kwa kikaratasi alichopewa wala kwa unga aliopimiwa. Aliitwa kwa kile anachokijua na anachoweza kumpa mwingine.

Ndiyo maana iliniuma kumwona mzee mmoja hapa, fundi cherehani aliyeshona suti za maharusi miaka ishirini kule Uvira, akiambiwa katika ofisi fulani kwamba hana cheti, basi aanze mafunzo ya ufundi. Sikilizeni maneno yenyewe: mafunzo ya ufundi, kwa fundi! Tumerudi kwenye kikaratasi. Tumemgeuza fundi kibarua.

Sasa nirudi kwa waandishi wetu watatu. Sisemi neno kibarua lipigwe marufuku kwenye mifano. Lugha ni ya wote, na redio itaendelea. Kosa langu kwenu ni moja: mmelitumia neno kwa kuhurumia, mkaacha kuhesabu. Mmoja aliandika kurasa mbili kuhusu mateso ya mama yake, na hatujui alilima mistari mingapi ya migomba, kwa nani, alipewa shilingi au ndizi, na kama alilipwa siku ile au aliambiwa "urudi kesho". Maelezo hayo yangeumiza zaidi kuliko "kigumu", na hakuna mtu wa ofisini angeweza kuyaita malalamiko ya jumla.

Kamusi iliyaacha kwa sababu walioiandika hawakuwahi kusubiri malipo mlangoni. Sisi tumesubiri.

Jirani yangu niliporudi kumwambia kwamba nimeandika, hakuuliza nimemsifu vipi. Aliuliza: "Na bei umeweka?" Nikamwambia sikuweka, kwa sababu hakuniambia. Akainua vidole, akaanza kuhesabu siku ambazo hajalipwa bado. Zilikuwa nne.