Ramani ya Wastani: Tathmini ya Atlasi ya Vipokezi vya Gamba la Ubongo ya Hansen na Wenzake (2022)

Atlasi ya vipokezi vya niurotransmita iliyochapishwa na Justine Hansen na wenzake mwaka 2022 katika jarida la Nature Neuroscience imesifiwa sana, na kwa sehemu kubwa sifa hiyo ni ya haki. Kabla yake, aliyetaka kulinganisha mgawanyo wa dopamini na ule wa serotonini katika gamba zima la ubongo wa binadamu alilazimika kuokoteza ramani moja moja kutoka maabara mbalimbali. Hansen na wenzake walizileta pamoja ramani za vipokezi na visafirishi 19 vya mifumo 9 ya niurotransmita, zilizotokana na skani za watu wenye afya zaidi ya 1,200, wakazigawa katika maeneo 100. Hoja yao kuu ni kwamba maeneo yaliyounganishwa na nyuzi za neva hufanana kwa vipokezi kuliko yale yasiyounganishwa.

Hata hivyo, idadi hiyo ya watu yahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwani ni jumla ya makundi yaliyopimwa mbalimbali. Kila ramani ni wastani wa kundi lake. Ramani ya kipokezi cha opioidi aina ya miu imetokana na watu 204, ilhali ile ya kipokezi cha dopamini aina ya D1 imetokana na watu 13 tu. Katika uchambuzi zote mbili zina uzito ule ule.

Usawa huo unatokana na hatua moja ya kitakwimu ambayo wasomaji wengi huipita haraka: kila ramani ilisanifishwa kwa wastani na mchepuko wake yenyewe kabla ya kulinganishwa na nyingine. Hatua hiyo haikuepukika, kwa kuwa vipimo vya kemikali tofauti za kufuatilia haviwezi kuwekwa katika mizani moja. Lakini gharama yake ni kubwa. Kipokezi cha GABA aina ya A, kilichojaa gamba zima, na kisafirishi cha dopamini, ambacho katika gamba ni haba mno, vinaingia katika hesabu kama ndugu wa umri mmoja. Atlasi inaonyesha ni wapi kila kipokezi kimezidi wastani wake. Haionyeshi kipi kimezidi kipi.

Tatizo zito zaidi ni la kikemia. Ramani ya D1 ilipatikana kwa kemikali iitwayo SCH23390, ambayo hujishikiza pia kwenye kipokezi cha serotonini aina ya 5-HT2A. Katika striatamu, ambako D1 ni tele, kasoro hiyo haina athari kubwa. Katika gamba, ambako D1 ni vichache na 5-HT2A ni vingi, sehemu ya ishara inayohesabiwa kuwa ya dopamini ni ya serotonini. Kwa hiyo mfanano wa ramani hizo mbili hauwezi kuchukuliwa wote kuwa ni ushahidi wa kibiolojia.

Waandishi walirudia uchambuzi wao kwa data za otoradiografia za Karl Zilles na Nicola Palomero-Gallagher, zenye vipokezi 15 katika maeneo 44, na hoja kuu ikasimama. Huo ni utetezi wa maana. Otoradiografia hupima vipande vya ubongo wa marehemu na kuonyesha matabaka ya gamba: mpaka kati ya eneo la kwanza na la pili la kuona, kwa mfano, huonekana wazi kwa kipokezi cha asetilikolini aina ya M2. Skani, yenye ukungu wa milimita kadhaa juu ya gamba lenye unene wa wastani wa takriban milimita 2.5, haiwezi kuyatenga matabaka hayo. Lakini utetezi huo unaikinga hoja ya jumla tu. Haukingi ramani ya kipokezi kimoja kimoja.

Hapo ndipo sehemu ya makala inayohusu maradhi inapolegea. Waandishi walilinganisha vipokezi na mabadiliko ya unene wa gamba katika matatizo 13 ya ubongo na akili, kisha wakapima mchango wa kila kipokezi. Msomaji anayetafuta shabaha ya dawa ataisoma safu ya D1 kana kwamba ni dopamini tupu. Tofauti hiyo si ya kinadharia: klozapini, dawa ya skizofrenia, hushika 5-HT2A kwa nguvu kuliko inavyoshika vipokezi vya dopamini. Mpaka ishara ya 5-HT2A itakapoondolewa katika ramani ya D1, safu hiyo isomwe kama mchanganyiko wa vipokezi viwili.