Wimbo wa Kiingereza si kitabu cha sarufi

NI kawaida siku hizi kumsikia mwalimu au mzazi akimhimiza mwanafunzi asikilize nyimbo za Kiingereza ili aimarishe lugha hiyo. Ushauri huu una mashiko. Wimbo hurudiwarudiwa bila kuchosha, na msamiati unaorudiwa kwa mahadhi hukaa kichwani. Sikio nalo hujifunza mahali pa kutia mkazo, jambo linalotutatiza wengi kwa sababu mkazo wa Kiswahili aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kiingereza hauna makao maalumu.

Tatizo ni namna ushauri wenyewe unavyotekelezwa. Mwanafunzi hupewa maneno ya wimbo yenye mapengo, akayajaza huku akisikiliza, basi, somo limekwisha. Hakuna anayemwuliza kwa nini mwanamuziki amesema hivyo.

Hebu tutazame wimbo wa Beyoncé wa mwaka 2008, ‘If I Were a Boy’. Anwani hiyo pekee ni somo zima. Kitenzi ‘were’ kina umbo la wakati uliopita lakini hakizungumzii jana. Kinazungumzia hali isiyokuwepo. Kazi hiyo sisi huifanya kwa kiambishi -nge-. Tofauti ni kwamba Kiswahili hukitia kiambishi hicho pande zote mbili za sentensi: ningekuwa na pesa, ningenunua gari. Ndiyo maana utamsikia Mkenya, tena msomi, akisema “If I would have money, I would buy a car.” Ameitafsiri -nge- mara mbili! Hilo si zao la uvivu, bali la mantiki ya lugha anayoijua vyema. Kijana anayeuimba wimbo wa Beyoncé kutwa kucha ana dawa mdomoni, ila hajaambiwa inatibu nini.

Lakini Prince naye alikuwa na wimbo wake wa mwaka 1987, ‘If I Was Your Girlfriend’. Sasa mwanafunzi amfuate nani? Prince alitumia Kiingereza cha mazungumzo, na wengi husema hivyo. Katika insha rasmi, Beyoncé ndiye wa kufuatwa. Ukimnyima mwanafunzi maelezo hayo, umemwacha njia panda.

Bob Dylan, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2016, ana ‘Lay Lady Lay’ wa mwaka 1969. Kisarufi, ‘lay’ ni kulaza kitu. Anayelala mwenyewe hutumia ‘lie’. Lakini jaribu kumrekebisha Dylan uone: ‘lie’ pia ni kusema uongo, na bibi wa watu ataonekana anaombwa adanganye! Isitoshe, ule mlio unaofanana wa maneno yote matatu utapotea.

Jambo hili wanafunzi wetu tayari wanalijua, ila kwa jina la Kiswahili. Katika ushairi tunawafunza uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi. Anayeitambua inkisari katika tarbia atashindwaje kuiona katika ‘gonna’ na ‘wanna’? Anaitambua saa nne kwenye kipindi cha Kiswahili, kisha saa tano anaimeza kwenye Kiingereza kana kwamba ni kanuni.

Tahadhari moja, ingawa. Si kila kinachokiuka kitabu cha sarufi ni uhuru wa mshairi. Bill Withers alipoimba ‘Ain’t No Sunshine’ mwaka 1971, kule kukanusha mara mbili hakukuwa kuboronga. Kiingereza cha Wamarekani Weusi kina kanuni zake kuhusu ukanushi, na wazungumzaji wake huzifuata. Mwalimu anayeliita hilo kosa anapotosha, sawa na anayekiita Kiamu au Kimvita Kiswahili kibovu.

Walimu wa lugha hizi mbili mara nyingi huketi katika chumba kimoja cha walimu, pengine hata meza moja. Wakibadilishana darasa kwa kipindi kimoja tu cha dakika 40, wimbo mmoja mkononi, wa Kiswahili ataanza na swali lake la kila siku: mshairi ametumiaje uhuru wake?