Kusoma Maji Bila Cheti

Vitabu viwili, kisiwa kimoja, samaki mmoja. Cha kwanza ni The Big One cha David Kinney, kilichotoka 2009. Cha pili ni Casting into the Light cha Janet Messineo, kilichotoka 2019. Ukiniuliza ununue kipi, nitakwambia cha Messineo, hata kama Kinney ndiye fundi zaidi wa sentensi. Acha nieleze kwa nini, kwa sababu sababu yenyewe haihusu samaki peke yake.

Kisiwa ni Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mabilionea wana nyumba za likizo huko, na mafundi wa mabomba na wahudumu wa hoteli huishi huko mwaka mzima. Samaki ni striped bass, ambaye wavuvi humwita striper, nami nitamwita straipa. Ana rangi ya fedha na mistari myeusi kutoka shingoni hadi mkiani. Wengi huzaliwa kwenye mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, wakikua huishi baharini, na kila mwaka wakubwa hupanda kaskazini joto likija. Mwezi wa tisa siku zikianza kufupika na maji kupoa, hugeuka kurudi kusini, na njiani hula kama mtu aliyesikia kesho duka linafungwa. Hapo ndipo kisiwa kizima kinakosa usingizi. Tangu 1946 kuna shindano, Martha's Vineyard Striped Bass and Bluefish Derby, la wiki tano hivi, katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Wa ufukweni hupimiwa samaki wao kivyao, wa mashuani kivyao.

Mimi nawajali wa ufukweni. Mtu wa mashua humfuata samaki. Mtu wa ufukweni anasimama mahali pamoja, usiku, baridi inamng'ata, na lazima ajue kwa nini samaki atapita hapo na si mita hamsini kando. Jibu karibu kila mara ni mkondo. Mahali kama Wasque, pembe ya kusini-mashariki, maji hukimbia kwa nguvu yakikatiza pwani, na samaki wadogo hawawezi kushindana nayo. Straipa anaweza, lakini hapotezi nguvu zake bure. Anajibanza nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, anaelekeza kichwa mkondo unakotoka, anangoja chakula kiletwe. Kwa hiyo mvuvi hurusha chambo juu ya mkondo na kukiacha kisafiri chenyewe, mshipi umekazwa kiasi cha kuhisi, si kiasi cha kuvuta. Chubwi ikiwa nyepesi, chambo kinapita juu ya vichwa vyao. Ikiwa nzito, inanasa mwambani. Na mvuvi mwenyewe amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, ambayo ikijaa maji inaweza kumzamisha, ndiyo maana hufunga mkanda kiunoni juu yake.

Ukweli usemwe, Kiswahili kiliyafikiria haya zamani. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Maji mafu, yanapolegea katikati. Sisi wa bara tuliyakutana maneno hayo kwenye karatasi ya mtihani, tukayaacha hapohapo. Kusoma vitabu hivi ndiko kulikonifanya nielewe kwamba bamvua si msamiati tu. Ni ratiba ya kazi.

Sasa turudi kwa Kinney. Yeye ni mwanahabari, na anafanya kile mwanahabari mzuri hufanya: anajiingiza, anasikiliza, anawaacha watu wajianike. Tunakutana na watu wanaodanganya marafiki wa miaka mingi kuhusu mahali walipovua. Kisa bora ni cha samaki mmoja mkubwa aliyeletwa mezani akapatikana na vipande vya risasi tumboni. Mvuvi ameiba? Au samaki alikula chambo cha wavuvi wengine, samaki waliokufa waliojazwa risasi ili wazame haraka? Kamati iliamua nini, soma mwenyewe. Kinney anajua kuandika wasiwasi wa chumba kile.

Lakini kila kitu kwake kinaelekea kwenye mizani. Mtu anakuwa mtu kwa uzani aliouleta. Hata anapowahurumia walioshindwa, swali la kitabu linabaki lile lile: nani alishinda? Nilipofika mwisho nilijua majina, magomvi na zawadi, ila maji sikuyajua sana. Bahari kwake ni jukwaa, na mchezo ni wa wanadamu.

Messineo anaanzia kwingine. Alifika kisiwani kijana, akafanya kazi ya kuhudumia meza, akapambana na pombe na dawa za kulevya hadi akatoka. Alianza kuvua wakati ufukwe wa usiku ulikuwa wa wanaume, na wanaume wale hawakuwa na haraka ya kumfundisha mwanamke chochote. Basi akajifunza kwa kurudi. Usiku wa leo, wa kesho, wa mwaka ujao. Hakuna silabasi. Baadaye akawa fundi wa kukausha na kuhifadhi samaki ili waonekane kama walivyokuwa hai, na yeye mwenyewe akawa mwalimu wa ufukweni.

Kitabu chake kina kasoro. Visa vya samaki vinafanana baada ya muda, na kuna kurasa ambazo mhariri mkali angezikata bila huruma. Lakini soma anavyoeleza kusimama gizani. Anahisi mkondo ukilegea kabla ya kugeuka, na anajua kwa miguu yake kwamba dakika zinazofuata ndizo zenye maana. Hiyo ni elimu, bana. Imepimwa, imerudiwa, imekosolewa na bahari yenyewe, ambayo haikupi alama za huruma.

Hapa ndipo kinanigusa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo kila mjomba kwenye kila sherehe huniuliza nilisomea nini. Nikimwambia naandika, anauliza inalipa ngapi. Nairobi tumejenga mizani mbili tu: cheti na pesa. Ukijua kitu kwa kina lakini huna karatasi, na hakijaingiza chochote, basi hukijui. Kinney, bila kukusudia nadhani, anaandika ndani ya mizani kama hiyo. Messineo anaweka ya tatu mezani: je, umerudi mara ngapi, na umeona nini?

Usidhani basi hiki ni kitabu cha kutuliza moyo. Kuna jambo linavisumbua vitabu vyote viwili. Straipa wakubwa kabisa karibu wote ni majike, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Rudia kusoma jina la kitabu cha Kinney ukijua hilo. Yule mkubwa anayetafutwa wiki tano ni mama. Shindano linalomzawadia mtu aliyeleta mzito zaidi linamlipa kwa kumtoa majini yule ambaye maji yanamhitaji zaidi.

Na onyo lilishatolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 straipa walikuwa wameporomoka vibaya. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda 1984, Maryland ikapiga marufuku kuwavua kuanzia 1985 hadi 1990, na 1995 wakatangazwa wamerudi. Watu wakasherehekea, wakarudi ufukweni. Kufikia 2019 wanasayansi walikuwa wakisema tena kwamba wamevuliwa kupita kiasi. Mwaka wa 2020 Derby ikamtoa straipa kwenye shindano lenye jina lake. Tangu 2023, mtu anayevua baharini kwa starehe anaruhusiwa kubaki na straipa wa sentimita 71 hadi 79 hivi tu. Yaani kisheria, yule mkubwa lazima arudishwe.

Sasa vipime vitabu kwa hali hiyo. Ondoa samaki mezani, ondoa mizani, na The Big One kinakuwa kumbukumbu ya zama fulani, nzuri, yenye vichekesho, iliyofungwa. Casting into the Light hakifungwi hivyo. Alichojifunza Messineo kuhusu maji bado ni kweli samaki akirudishwa, na ni kweli usiku ambao hakuna samaki. Hata hivyo yeye naye alipigania ushindi, naye aliwaua wakubwa, na ningependa angekaa na hilo kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyokaa. Mtu anayeujua mkondo kiasi hicho ndiye ningetaka aniambie waziwazi ujuzi wake umeugharimu mkondo nini.

Bado nakipendekeza. Kisome kama uko na miaka ishirini na kitu na unafanya jambo ambalo hakuna mtu amekuomba ulifanye. Hakikuahidi kwamba litalipa. Kinakuonyesha tu mwanamke aliyelifanya miaka arobaini na zaidi, usiku baada ya usiku, mpaka akaweza kujua kwa miguu kwamba maji yanakaribia kugeuka.