Kadi ya Pili

Shaaban Robert akiwekwa kwenye droo ya kadi za katalogi yenye herufi R, nani atamfikia? Kanuni za ukutubi tulizozipokea kutoka ng'ambo hupenda jina la mwisho litangulie, na hilo linawafaa watu wenye majina ya ukoo. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba, na mtu huitwa kwa lake. Msomaji wa Dar es Salaam anayemtafuta mshairi huyu ana "Shaaban" kichwani. Atavuta droo ya S, atapekua, hatakuta kitu, ataondoka akiamini kitabu hakipo, kumbe kipo rafu ya pili kutoka aliposimama. Mkutubi ninayemwandika hapa alikuwa hamwachi aondoke hivyo. Alipiga taipu kadi ya pili yenye jina kama watu wanavyolitaja, akaandika chini yake "tazama", kisha akamwelekeza msomaji kule kanuni ilikompeleka mwandishi. Kadi ya namna hiyo inaruhusiwa. Ila usipoiandika hakuna mkubwa atakayekuuliza, na msomaji uliyempoteza harudi kukushtaki.

Majirani zake wa Upanga wanamwita Mwalimu hadi leo, na ni haki yake, maana alianza na chaki. Mchana alifundisha watoto, jioni akawafundisha wazazi wao, katika miaka ile ambayo nchi nzima ilikuwa darasani. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma; Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima; na kufikia katikati ya miaka ya 1980 wasiojua walihesabiwa kuwa karibu mmoja tu katika kumi. Tunazisimulia takwimu hizo kwa fahari, na zinastahili. Mwalimu wetu wa Upanga huongeza jambo moja lisiloingia katika takwimu. Alikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima, muuza maandazi, aliyefaulu mtihani wa kusoma hadi darasa zima likampigia vigelegele. Baada ya muda walikutana tena, akampa gazeti, na mama yule akaanza kubabaika na silabi alizokuwa amekwisha kuzishinda. Hakuwa mvivu. Nyumbani kwake hakikuwamo hata kitabu kimoja.

Ndipo akaomba kuhamia maktaba. Wenzake walimpa pole. Kwa macho yao mwalimu aliyepelekwa kwenye vitabu alikuwa ameondolewa kwenye kazi yenyewe, na sijui kama fikra hiyo imetutoka hadi sasa. Yeye aliona anaufuata mlango wa pili wa darasa lilelile: kule nyuma aliwafundisha watu kusoma, huku angehakikisha wanacho cha kusoma. Alifundwa kazini, mikononi mwa wakutubi waliosomea Makerere, ambako shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1963. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kilifunguliwa 1989, yeye akiwa tayari mzoefu.

Kazi aliyoiingia ilikuwa bado changa. Kabla ya uhuru tulikuwa na masanduku ya vitabu ya East African Literature Bureau, yakizungushwa kutoka kituo hadi kituo. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya uhuru, katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, pale Upanga inapopakana na katikati ya jiji, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Bibi Titi Mohamed. Napenda kukumbuka kwamba nchi yenye watu wengi kiasi kile wasiojua kusoma ilijenga maktaba kwanza, bila kungoja wasomaji watimie.

Lakini kinachonivuta zaidi kwa mzee huyu ni mambo madogo, na nitaomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo. Mpangilio wa namba za vitabu unaotumika katika maktaba zetu uliasisiwa na Melvil Dewey, Mmarekani, mwaka 1876. Dunia ya Dewey ilikuwa na katikati yake, na katikati hiyo haikuwa Pwani yetu. Fasihi ya Kiingereza ilipewa 820, nafasi pana, namba fupi. Fasihi ya Kiswahili ikapata 896.392. Ukristo ulitandazwa kuanzia 220 hadi 280 na ushei. Uislamu, pamoja na fani zake zote, ukabanwa ndani ya 297. Katika jiji ambalo adhana na kengele husikika mtaa mmoja, 297 hufurika.

Hebu fikiria sasa mkutubi ameshika kijitabu cha utenzi, chembamba kiasi kwamba mgongo wake hauna hata upana wa kucha ya kidole kidogo. Namba zile zote, tarakimu sita na nukta, ziandikwe wapi? Wengine waliziandika kwenye jalada la mbele, kitabu kikisimama rafuni hakuna anayeziona, na baada ya mwezi utenzi umeshapotelea kati ya vitabu vya hesabu. Mwalimu alikata utepe wa karatasi, akaandika tarakimu kwa wino mweusi, moja chini ya nyingine, herufi za kwanza za jina la mwandishi zikafuata, kisha akaubandika utepe kwenye ubavu wa jalada ukizunguka mgongo, ili mtu aisome namba bila kukitoa kitabu. Nimemwona akifanya hivyo mezani kwake, kwa vitabu vyake mwenyewe, na mkono bado hautetemeki. Kila alipomaliza kimoja alikisimamisha katikati ya vingine, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Kisichosomeka kutoka pale alikibandua na kukianza upya.

Ualimu wake ulionekana hasa mtu alipokuja kuuliza. Kijana anataka "kile kitabu cha Bwana Msa", hajui mwandishi wala jina. Mwalimu anajua kwamba Bwana Msa ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kwamba pa kuanzia ni Mzimu wa Watu wa Kale. Mfugaji anaomba kitabu cha kuku. Mwingine angemwonyesha rafu ya ufugaji. Mwalimu anamuuliza: wamefanyaje, mzee wangu? Wanakufa. Wanakufaje, ghafla, wamepinda shingo? Basi kinachotafutwa ni mdondo na chanjo yake, na ukurasa wake unajulikana. Watu hawaji na swali lao lilivyo. Wanakuja na swali wanalodhani ofisi italikubali, na mwalimu aliyewahi kukaa na watu wazima wenye haya ya kutojua huisikia haya hiyo kabla ya maneno.

Kila namna ya kuuliza aliiandika kwenye kaunta buku. Upande wa kushoto, maneno ya msomaji. Upande wa kulia, kitabu kilichomfaa. Mohamed, Muhammed, Mohammed, Muhammad. Shaaban yenye a mbili na yenye moja. Riwaya zinazojulikana kwa jina la mhusika. Magonjwa kwa majina ya vijijini. Jioni, kaunta ikitulia, maneno ya kushoto yaligeuzwa kuwa kadi za "tazama".

Leo ukiingia katika maktaba nyingi za jiji utakuta zimejaa, na utafurahi, mpaka utazame mezani. Kila kijana amekuja na makaratasi yake ya fotokopi. Anachohitaji ni kiti, utulivu na soketi ya kuchajia simu. Simlaumu, anayetoka chumba kimoja cha kupanga Kariakoo au Manzese, walimolala watu watano, asomee wapi? Ila rafu zilizo nyuma yake zimekuwa ukuta tu, na hakuna anayemgeuza azitazame. Akijaribu kompyuta ya katalogi, akaandika Shaban kwa a moja, inaweza kumjibu kwamba hakuna. Droo ilikuwa na huruma yake: ukikosea herufi, jirani ya kadi uliyoikosa ilikuwa palepale chini ya kidole. Mashine nayo ingeweza kuwa na huruma hiyo, tena kwa wepesi zaidi, kama mtu angekaa akaifundisha majina yetu. Kazi hiyo ndiyo tuliyoiacha, tukidhani mashine imekuja nayo.

Shuleni hali ni mbaya zaidi. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 watoto wameongezeka, jambo jema kabisa, na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu alinunua kwenye meza ya vitabu chakavu Kariakoo kitabu cha hadithi chenye muhuri wa maktaba ya shule moja. Karatasi ya tarehe za kuazima ilikuwa imejaa pande zote mbili. Alikishona, akakitia jalada, akakirudisha mwenyewe. Akaambiwa, kwa heshima zote, chumba cha maktaba sasa ni darasa, na vitabu viko kabatini, na mwenye ufunguo hayupo.

Nilipomwamkia juzi nilimuuliza kuhusu kaunta buku. Zipo, amezihifadhi zote, mwandiko unasomeka. Nikauliza kama kuna maktaba yoyote iliyowahi kuziomba. "Hapana, mwanangu," akasema, "labda hawajui kama zipo." Sasa wanajua. Zina maelfu ya njia ambazo Watanzania hupita wanapotafuta kitabu kwa lugha yao na kwa majina yao, na mwenyewe yu hai, aweza kueleza kila ufupisho alioutumia. Vijana wawili wa chuo cha ukutubi, kompyuta moja na likizo moja vingetosha kuziingiza katika katalogi.