Mng'ao wa Kibuyu

Kijana niliyemkuta Shinyanga mjini akipiga picha kibuyu cha kusukia maziwa hakuwa na haraka. Alikitandikia kurasa za gazeti, akaziba jua la dirishani kwa shuka jeupe, kisha akakizunguka hatua kwa hatua ili kila picha irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia.

Walioigusa fotogrametria, kazi hii ya kujenga umbo la kitu kutokana na picha zake, wanajua tabu yake. Kompyuta hupata umbo kwa kutafuta alama ileile katika picha nyingi. Kuta za shimo la mgodi, Geita au Mwadui, zimejaa nyufa na mawe. Droni ikipita juu, kazi imekwisha. Kitu laini hakina alama, na mng'ao wake ni mwongo: mpigapicha akisogea, nao unasogea. Almasi ndiyo mbaya zaidi, maana mwanga hupenya hadi ndani. Ile ya waridi iliyookotwa Mwadui mwaka 1947, yenye karati 54.5, ingemliza fundi yeyote wa kazi hii.

Lakini kibuyu hakizaliwi na mng'ao. Kikikauka huwa na rangi ya nyasi za kiangazi, hakivutii. Bibi yangu alikipakata chake mapajani, akikisuka asubuhi kabla jua halijawa kali, na siagi ilipojitenga alifuta vidole kwenye shingo ya kibuyu, kamwe si kwenye khanga. Shingo ikawa nyekundu iliyokolea, ikang'aa kuliko tumbo. Tumbo lilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani, nasi watoto tulipenda kuupapasa ule mshono. Hakuna duka linalouza wekundu ule. Leo maziwa yanakaa kwenye ndoo ya plastiki, na ndoo ikipasuka inatupwa.

Kijana yule aliweka kichujio cha kukata mng'ao mbele ya taa na kingine mbele ya lenzi, akakizungusha hicho cha pili taratibu mpaka mng'ao ukafa. Chini yake yakajitokeza madoa na mikwaruzo, alama za kutosha kabisa. Kisha, na hapa ndipo nilipomvulia kofia, akaondoa vichujio akapiga picha nyingine, zenye mng'ao wake, ili anayekuja asidhani kibuyu hiki kilikuwa kikavu.

Wengine hawana subira hiyo. Wanakipulizia kitu cha urithi poda nyeupe bila kumuuliza mwenyewe, au wanapitisha simu mara moja na kuiachia programu izibe matundu kwa kubahatisha. Kinachotoka ni kibuyu chenye vinundu ambavyo hakuna mkono uliowahi kuvigusa, na hicho ndicho wajukuu wataoneshwa.

Wewe uliye na kibuyu cha bibi darini, kishushe ukifute vumbi. Akija mtu na kamera, muulize kwanza atafanya nini na mng'ao. Akikosa jibu, usimpe.