Nusu ya Kitufe

Kuna wanaodhani kwamba kamera ikishajua kutafuta fokasi yenyewe, mpiga picha hana kazi. Tangu Konica ilipotoa C35 AF mwaka 1977, kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na uwezo huo, wengi wameamini hivyo. Kwangu mimi kazi haikuisha, ilihama tu: ilitoka kwenye pete ya lenzi ikaja kwenye kidole cha shahada. Anayetaka kuiona na aende arusini Kegonga, kwa Wakuria.

Bibi arusi anasimamishwa mbele ya ukuta wa mabati, jua la saa saba likiwaka. Kamera ndogo ya dijitali haijui arusi. Husogeza lenzi mbele na nyuma ikitafuta pale mwanga na kivuli vinapopishana kwa ukali zaidi, na hapo ndipo hutulia. Uso mweusi umejificha kwenye kivuli cha shela. Migongo ya mabati inang'aa mstari kwa mstari. Ukiiachia ijichagulie, kisanduku cha kijani cha fokasi kitarukia mabati, nawe utapata ukuta safi sana na bibi arusi mwenye ukungu.

Fundi haiachii. Ameshaingia kwenye menyu akachagua nukta ya fokasi ya kati. Anaipeleka nukta ile kwenye jicho, pale weupe unapokutana na mboni, anabonyeza kitufe nusu, anasubiri mlio. Kidole hakiinuki. Sasa ndipo anapogeuza kamera taratibu hadi maua na wasimamizi waingie, kisha anamalizia kubonyeza. Bibi arusi akisogea hatua moja mbele, fundi anaachia na kuanza upya, bila kunung'unika. Uvumilivu huo ndio ninaousifu.

Kamera nyingi hutambua nyuso, na ni msaada mkubwa kwa picha za kikundi. Lakini mpiga iritungu, kile kinubi kikubwa cha Wakuria chenye nyuzi nane, huinama juu ya ala yake, uso ukafichika. Kamera isipouona uso, hudaka nyuzi zilizo karibu. Je, picha ni ya vidole au ya mzee mwenyewe? Hakuna mpangilio wa kiwandani unaolijibu swali hilo. Analijibu anayemjua mzee na wimbo wake.

Jioni taa zikiwa hafifu, lenzi huhangaika, huenda na kurudi bila kushika. Hapo mjuzi hutafuta ukingo ulio umbali sawa na uso, kola nyeupe au fremu ya mlango, akafunga fokasi hapo.

Kama una kamera ya namna hii kabatini, ichaji leo. Chagua nukta ya kati, mwite mama asimame mlangoni, ushike jicho lake kwanza.